Mashauriano Baina ya Wananchi na Serikali ya Kaunti juu ya Huduma za Vijijini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Halmashauri ya Chama ilitutaka tuseme mbele yenu habari ya mikutano ile iitwayo ya ushirikishwaji wa umma, ambayo Serikali ya Kaunti huwaita wananchi wa vijijini ili kushauriana nao juu ya maji, zahanati, barabara na shule za chekechea. Hatukuchaguliwa kwa sababu ya hekima, maana hekima iko kwenu wazee. Tulichaguliwa kwa kuwa sisi ni makarani, na kazi ya karani ni kushika kalamu wakati wengine wanenapo, kisha kuangalia yaliyonenwa yamefika wapi. Basi tutasema kama makarani, na mahali tutakapowachosha kwa tarehe na vifungu, mtustahimilie.

Shauri lililoleta hotuba hii mwalijua. Katika matawi yetu mawili ya bara limetolewa pendekezo kwamba wanachama wetu wasihudhurie tena mikutano hiyo. Wanaosema hivyo wana sababu zao. Wasema: twaitwa, twakaa tangu asubuhi, twatia sahihi, twanywa soda, twarudi nyumbani, mwaka wa pili twaitwa tena kuulizwa maneno yale yale, nasi twajibu majibu yale yale, na kisima hakijachimbwa. Mzee mmoja wa tawi moja alisema kwamba sahihi yake imekwenda mjini mara nyingi kuliko yeye mwenyewe. Watu walicheka, lakini neno lile halikuwa la mzaha. Ikiwa Mkutano huu utalikubali pendekezo hilo, viti vyetu vitakuwa vitupu katika mikutano ijayo. Na ikiwa utalikataa, hapana budi tuwaambie wenzetu waende kufanya nini huko ambacho hawakukifanya zamani.

Kuitwa barazani si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1913 Arthur Champion, aliyekuwa ofisa wa serikali ya Kiingereza katika nchi ya Wagiriama, aliwakusanya watu na kuwaeleza habari ya kodi ya nyumba na ya vijana waliotakiwa kwenda kufanya kazi mashambani. Kisa cha Mekatilili wa Menza na kuku mwenye vifaranga kila mtoto wa Kilifi amekisikia, wala hatutakirudia. Twataka kukumbusha neno moja tu: baraza lile halikuwa la mashauriano. Shauri lilikuwa limekwisha kukatwa mahali pengine, na watu waliitwa wapate kuarifiwa. Mekatilili akapelekwa Kisii, na mwaka 1914 Kaya Fungo ikavunjwa kwa baruti.

Baadaye zikaja halmashauri za wenyeji zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1924, ambazo mkuu wa wilaya ndiye aliyeziongoza. Mwaka 1950 zikageuzwa kuwa Halmashauri za Wilaya za Waafrika. Na baada ya Uhuru zikawa halmashauri za kaunti za zamani. Mwaka 1963 tulikuwa na majimbo, na marehemu Ronald Ngala alikuwa Rais wa Baraza la Jimbo la Pwani, lakini mpango ule haukudumu. Kisha tangu tarehe 1 Januari 1970 serikali kuu ilizichukulia halmashauri elimu ya msingi, afya na barabara. Wazee waliokuwa wakihudhuria vikao vya siku zile watakumbuka jinsi mambo yalivyopungua mezani. Mtu wa Ganze au wa Marafa aliyetaka muuguzi, muuguzi yule aliamuliwa Nairobi.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ndiyo iliyoyarudisha mambo hayo karibu. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013, na katika mikono yao zikawekwa zahanati na hospitali za kaunti, maji, chekechea, kilimo na barabara za kaunti. Kifungu cha 196 chaliagiza Bunge la Kaunti kuwashirikisha watu katika kazi zake, na kifungu cha 201 chaagiza kwamba mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi. Kwa hiyo ofisa anayekuja kwetu na karatasi zake chini ya mkorosho hakuja kutufanyia hisani. Ametimiza wajibu aliopewa na sheria, nasi twamkaribisha kwa heshima, lakini hatumshukuru kana kwamba ametuletea zawadi.

Sasa tuzitazame hizo fedha zenyewe, maana watu wengi hushauriana juu ya mali wasiyojua ukubwa wake. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kaunti ya Kilifi ilikuwa na watu 1,453,787, nayo ina wadi 35. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wetu kutoka serikali kuu ulizidi shilingi bilioni 11.6. Ukiugawa kwa vichwa, ni kama shilingi 8,000 kwa kila mtu, mkubwa na mdogo, kwa mwaka mzima. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yataka sehemu isiyopungua asilimia 30 iwekwe katika maendeleo. Asilimia 30 ya mgao ule ni kama bilioni tatu na nusu, na lau zingegawanywa sawasawa katika wadi 35, kila wadi ingepata kadiri ya shilingi milioni 100. Hazigawanywi hivyo, kwa kuwa iko miradi ya kaunti nzima, na tena kaunti ina mapato yake na misaada mingine. Hii ni hesabu ya mezani tu. Lakini mzee akiwa nayo kichwani, akiambiwa hakuna fedha atauliza zimekwenda wapi; na akisikia mtu anaahidi lami ya kilomita arobaini katika wadi moja kwa mwaka mmoja, atajua kwamba anasimuliwa hadithi, maana kilomita chache za lami zaweza kuzimaliza zote.

Na hizo asilimia 70 zilizobaki? Hapo, ndugu, ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Twaijua zahanati moja, wala hatutaitaja wala kutaja wadi yake. Wananchi waliiomba miaka mitatu. Mwisho ikajengwa, kwa matofali ya mawe, mabati mekundu, tangi la maji na vyoo viwili. Ikapakwa rangi, mlango ukatiwa kufuli, na kufuli lile likakaa pale mvua ya mwaka ikaja ikapita, na vuli ikapita. Mama akishikwa na uchungu usiku alibebwa juu ya bodaboda kupita mbele ya mlango ule ule, akaenda zahanati ya mbali kwa njia ya mawe. Watu wakasema wamedanganywa. Tulipoitwa kuandika barua ya malalamiko tuliuliza kama iko nakala ya maombi ya kwanza, na kwa bahati mwalimu mmoja alikuwa amehifadhi. Ilisema: twaomba tujengewe zahanati. Wakajengewa.

Muuguzi hatoki katika fungu la majengo. Hutoka katika fungu la matumizi ya kila mwaka, pamoja na dawa, mishahara, umeme, na mafuta ya gari la wagonjwa. Fungu hilo ndilo kubwa kuliko lile jingine, nalo ndilo ambalo katika mikutano yote tuliyoandika habari zake hapana mwananchi aliyeliuliza neno. Sote twauliza majengo. Twaelewa kwa nini: jengo huonekana, lina siku ya kufunguliwa, lina utepe na picha, na mheshimiwa hupata mahali pa kuandika jina lake ukutani. Muuguzi hana utepe. Walakini mgonjwa hatibiwi na ukuta.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunaloliomba ni kwamba wenzetu wabadili namna ya kuomba. Wasiseme twataka zahanati. Waseme: twataka mtu wa kutupokea saa za usiku mama anapokuwa na uchungu, na dawa za malaria zisizokwisha katikati ya mwezi. Hapo ofisa atalazimika kujibu kwa mafungu yote mawili, na akijibu la jengo akanyamaza juu ya muuguzi, watu wote watasikia alivyonyamaza. Kadhalika kwa maji: bomba bila mtambo wenye mafuta au umeme ni chuma tu ardhini. Kadhalika kwa chekechea, ambazo darasa lake laweza kujengwa kwa miezi mitatu, lakini mwalimu wake hulipwa kila mwezi miaka yote.

Tena ziko kamati za zahanati, ambazo wajumbe wake ni wananchi wa mahali pale. Wengi wenu mmekuwa wajumbe. Mwaka 2005 mkoa wetu wa Pwani ndio uliotangulia nchi nzima katika jaribio la kupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya, kwa msaada wa Denmark, ili kamati zipange pamoja na mganga jinsi ya kuzitumia. Watafiti walipolichunguza jambo hilo Kwale na Tana River waliona kwamba fedha zile zilifanya kazi njema, lakini wananchi wa kawaida, walio nje ya kamati, walikuwa hawana habari nazo. Tafadhali mlipime neno hilo. Kamati ilikuwako, mikutano ilikuwako, na jirani wa zahanati hakujua. Mjumbe wa kamati asiyerudi kijijini kusema kilichopangwa huwa amekwisha kuwa mtu wa ofisi, ingawa hana mshahara wa ofisi. Ubao mmoja mweusi mlangoni, wenye kuandikwa kwa chaki fedha zilizoingia na zilizotoka mwezi ule, haugharimu kitu, na sisi makarani tuko tayari kuuandika.

Jambo la pili ni majira. Hakuna mkulima wa Kilifi apandaye mahindi mwezi wa Agosti akangoja mvua ya mwaka, na akifanya hivyo watu watamwonea huruma. Lakini katika mambo ya fedha za kaunti hivyo ndivyo tufanyavyo. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya tarehe 1 Septemba, Mpango wa Maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa Bunge la Kaunti. Kabla ya tarehe 28 Februari hupelekwa waraka unaoweka mipaka: afya ipate kiasi gani, maji kiasi gani, barabara kiasi gani. Kabla ya tarehe 30 Aprili hupelekwa makadirio yenyewe, na yapaswa kupitishwa kabla ya mwisho wa Juni. Juu ya hayo yote uko mpango wa miaka mitano, ambao wa sasa ni wa 2023 hata 2027.

Sasa angalieni sisi huja lini. Twaja mwezi wa Mei, watu wengi, tumevaa vizuri, tuna maneno mengi. Twasema maji yaongezewe fedha. Lakini mpaka wa fedha za maji uliwekwa Februari, wakati mkutano ulipokuwa na watu kumi na wawili na mbwa wa chifu. Mwezi wa Mei kilichobaki ni kugombania kisima kiende kijiji hiki au kile, yaani kugombana sisi kwa sisi. Aliye na haja ya kuona maji yanapewa fungu kubwa kuliko samani za ofisi, aje Agosti na aje Februari. Na kama mradi wake haumo katika mpango wa miaka mitano, ajue kwamba atajibiwa hivyo, na jibu hilo litakuwa la haki.

Juu ya mlango wa kubisha tutasema kwa ufupi, maana limesemwa mwaka jana. Walimu wa shule za msingi na polisi ni wa serikali kuu, na chifu pia ni wa serikali kuu, ingawa ndiye aitishaye baraza. Chekechea na zahanati ni za kaunti. Madarasa mengi ya shule za msingi yamejengwa kwa mfuko wa maeneo bunge ulioanzishwa mwaka 2003, si kwa fedha za gavana. Mkutano mzima waweza kupotea kwa kumlaumu diwani juu ya jambo asiloweza kuligusa, naye hufurahi, kwa kuwa saa zinapita na yale ayawezayo hayakuulizwa.

Maji yana milango miwili, na hapo hata sisi hutazama karatasi kabla ya kujibu. Visima vya Baricho vilivyo kando ya Mto Sabaki ndivyo vinywesheavyo Malindi na Kilifi, na sehemu ya Mombasa. Mitambo ile mikubwa na mabomba makuu ni ya wakala wa maji wa Pwani ulio chini ya serikali kuu. Lakini kugawa maji majumbani ni kazi ya makampuni ya kaunti, moja la Malindi na moja la Kilifi na Mariakani. Malambo na visima vya vijijini ni shauri jingine tena. Katika ukame ule wa 2020 hata 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, watu wa Bamba na wa Ganze walijua thamani ya lambo lililochimbwa kina cha kutosha. Na mwisho wa mwaka 2023 mvua zilipokuja kwa wingi, Sabaki ikafurika na kuharibu mashamba Magarini. Nchi moja, miaka miwili, kiu na gharika. Mambo kama hayo hayapangwi vema na mtu asiyeishi nayo.

Na anayeishi na maji ni mama. Wazee wetu, tunawaomba radhi kwa neno hili, lakini tumeandika kumbukumbu za mikutano ya kutosha kulisema. Wanaume hukaa mbele, penye viti, nao husema barabara. Kina mama hukaa nyuma, chini, na zamu yao hufika wakati mwenyekiti anapotazama saa. Katika mkutano mmoja tuliohudhuria yalisemwa maneno ya saa mbili juu ya daraja, na kabla ya kufungwa mama mmoja alinyosha mkono akaomba jambo dogo: kwamba kioski cha maji kifunguliwe alfajiri, kwa sababu mwenye ufunguo huja saa tatu, na saa tatu jua limekwisha kuwa kali na watoto wamekwenda shule bila kunawa uso. Haikuhitajiwa shilingi hata moja. Katika yote yaliyosemwa siku ile, hilo ndilo pekee lililotimizwa kabla mwezi haujaisha. Daraja tungali twalingoja.

Basi twapendekeza kwamba katika ujumbe wowote wa Chama kuhusu maji, mama aseme kwanza. Wazee wa kambi katika kaya walikuwa hawakati shauri la shamba bila kumsikia mwenye shamba.

Jambo la tatu ni la karatasi, nasi twaliona ndilo linalokata mzizi wa malalamiko ya matawi yale mawili. Mzee yule alinung'unikia sahihi yake, na alikuwa na haki. Orodha ya mahudhurio huonyesha kwamba watu walikuja. Haionyeshi walisema nini. Ikiwa kumbukumbu za mkutano huandikwa na upande mmoja tu, basi miaka mitatu baadaye maneno ya upande mmoja ndiyo yatakayokuwa yamesemwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maneno ni mali. Kwa hiyo katika kila mkutano pawe na mwandishi wetu. Aandike tarehe, mahali, ofisa aliyeongoza, maombi yaliyotolewa kwa utaratibu, na majibu yaliyotolewa, kwa maneno yale yale. Kabla ya kuagana ayasome kwa sauti mbele ya watu wote. Kesho yake apeleke nakala ofisi ya msimamizi wa wadi, na arudi na nakala nyingine iliyopigwa muhuri wa kupokewa. Muhuri ule ni kitu kidogo cha wino, lakini tumeona watu wenye sauti kubwa wakishusha sauti walipoonyeshwa.

Msidhani kwamba jambo hili halina nguvu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliitangua Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangazo la kutimiza desturi tu halikutosha. Walioleta shauri lile mahakamani hawakuwa wamesusa na kukaa nyumbani. Tena iko Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016: mwananchi akiomba kwa maandishi kuonyeshwa hati ya ofisi ya umma, yapasa ajibiwe ndani ya siku 21. Mwandishi wa tawi aweza kuuliza mkandarasi wa lambo fulani alipewa kiasi gani na alipaswa kulimaliza lini. Na pia sheria ya serikali za kaunti yampa kila mtu haki ya kupeleka maombi rasmi mbele ya Bunge la Kaunti. Mambo haya yote hufanywa kwa karatasi, kalamu na nauli.

Liko na shida ya lugha. Karatasi za bajeti hutoka kwa Kiingereza, kurasa mamia, nazo huletwa mkutanoni asubuhi ile ile. Hata sisi tuliosomeshwa na wamisheni hatuwezi kuzimaliza kabla ya chai. Sheria ya fedha yataka makadirio yatangazwe kwa namna iliyo wazi na rahisi kueleweka na watu, na Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ombi letu kwa kaunti liwe moja tu, nalo tulirudie kila mwaka bila kuchoka: muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, kwa kila wadi, majuma mawili kabla ya mkutano.

Juu ya posho tutasema kwa uangalifu, kwa maana tunajua liko jambo. Wako wasemao hawataenda tena pasipo kupewa kitu. Kutoka Adu au Mwanamwinga kuja mkutanoni ni safari ya kweli, na mtu aliyeacha kibarua chake siku nzima amelipa tayari kabla ya kusema neno. Hatumlaumu. Lakini aliyelipiwa nauli na mwenye kuitisha mkutano hujikuta anapima maneno yake, hata kama hakuambiwa apime. Kwa sababu hiyo Halmashauri yaomba idhini yenu, Chama chenyewe kilipe nauli za watu wawili wa kila tawi, mwanamume na mwanamke, kwa mikutano ya Agosti, Februari na Aprili. Mtunza hazina amepiga hesabu, naye asema yawezekana ikiwa sherehe ya mwisho wa mwaka itapunguzwa mbuzi wawili. Twajua kwamba pendekezo hili la mbuzi litapata upinzani mkubwa kuliko mengine yote.

Wazee hasa wajue jambo jingine. Sheria ya fedha ya mwaka 2012, kifungu cha 137, imeweka Baraza la Bajeti na Uchumi katika kila kaunti, ambalo gavana ndiye mwenyekiti wake. Katika baraza hilo mnatakiwa wajumbe wasio maofisa, kutoka katika vyama vya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, dini, na wazee. Wazee wametajwa waziwazi. Mjumbe wao hupendekezwa na vyama. Nasi ni chama, tena chenye wazee wengi kuliko vijana, jambo ambalo kwa siku nyingine ni shida yetu lakini katika hili ni faida.

Wenzetu wa Tanzania wana mkutano mkuu wa kijiji, ambao watu wazima wote wa kijiji ni wajumbe wake, na halmashauri ya kijiji yapaswa kuwasomea mapato na matumizi kila miezi mitatu. Huko pia husikika manung'uniko kwamba hayasomwi, lakini mwananchi ajua siku aliyopaswa kusomewa. Katika mji wa Porto Alegre nchini Brazil, tangu mwaka 1989, mikutano ya mitaa ilipewa kuamua sehemu ya fedha za mji, si kutoa maoni tu. Sisi hatujafika hapo. Mkutano wetu hushauri, na wakataao shauri ni wengine. Afadhali tulijue hilo wazi, tusiwaahidi watu wetu kwamba wakienda watapata.

Wanaotaka tususie wasema kwamba kuhudhuria kwetu kunaupa uzito mkutano usio na uzito. Tumelifikiria neno hilo kwa muda mrefu, maana si la kipuuzi. Jibu letu ni kwamba kiti kitupu hakiandikwi. Mtu asipokuja, daftari la kaunti halisemi kwamba amekataa, halisemi lolote. Lakini mtu aliyekuja, akaomba muuguzi, akajibiwa, na majibu yale yakapigwa muhuri, huyo mwaka wa pili hasemi maneno yale yale. Husema: tarehe fulani mlitujibu hivi, je, limefika wapi? Na hapo ofisa naye, ambaye mara nyingi ni kijana wetu wenyewe na hana ubaya, hupata la kuwapelekea wakubwa wake.

Bwana Mwenyekiti, mapendekezo yaliyo mbele ya Mkutano ni manne: matawi yaendelee kuhudhuria, kila tawi liwe na mwandishi wake na daftari lake, Chama kilipe nauli kama ilivyoelezwa, na Halmashauri iandike barua ya kupendekeza mzee mmoja na mama mmoja kwa ajili ya Baraza la Bajeti na Uchumi. Madaftari kumi na manane yamekwisha kununuliwa, nayo yapo mezani kwa Katibu. Wajumbe wa matawi wanaombwa wayachukue baada ya kura, kila mmoja akitia sahihi, na waandike katika ukurasa wa kwanza majina ya watu wao wawili kabla ya magari kuondoka saa kumi.